Kwa nini Munari hakushinda kwetu

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, simu zetu zinajaa picha za Naivasha. Vumbi, nyama choma, mahema, mziki hadi asubuhi, na watu wamevaa jezi za timu bila kujua nani anaongoza. Sina shida na hiyo, kila mtu ana raha yake. Kinachonikera mimi, kama mtu wa Kitui mwenye watu wake Kibwezi, ni vile tunaongea kama rali ilizaliwa Naivasha mwaka 2021. Wasee, hii kitu ilikuwa inapita kwetu kabla mama zetu hawajazaliwa. Kwa miaka mingi mguu mmoja wa Safari ulikuwa wa kushuka Pwani na kurudi Nairobi, na njia ya Pwani ni kwetu: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Siku hizo hata wilaya ya Makueni haikuwepo, tulikuwa tunahesabiwa Machakos mpaka 1992. Labda ndio maana hakuna anayetutaja kwenye hiyo historia.

Leo nataka kuongea juu ya dereva mmoja Mwitaliano, Sandro Munari. Kwao walimwita Il Drago, yaani Joka. Nimemchagua yeye, na sio mshindi yeyote wa Safari, kwa sababu ukitaka kujua barabara zetu zilikuwa kitu gani, angalia mtu mkali kabisa aliyekuja na gari kali kabisa, akarudi kwao bila kombe. Mara moja, sawa, bahati mbaya. Huyu ilikuwa karibu kila Pasaka.

Munari alizaliwa 1940 Cavarzere, mji mdogo kusini mwa Venice, nchi tambarare ya mashamba na mifereji. Jina lake lilianza kusikika miaka ya 60 akiwa na timu ya Lancia. Halafu ikaja Januari 1968. Wakati huo magari ya rali ya Monte Carlo yalikuwa yanaanzia miji tofauti ya Ulaya, yanakutana Monaco. Munari akiwa njiani, wakapata ajali Yugoslavia. Navigeta wake, Luciano Lombardini, akafa. Yeye mwenyewe akaumia vibaya. Wengi wangeuza viatu vya kuendeshea hapo hapo.

Yeye alirudi. Januari 1972 akashinda hiyo hiyo Monte Carlo, na navigeta mwingine, Mario Mannucci, kwenye Lancia Fulvia. Fulvia ni kagari kadogo, injini ya lita 1.6, inavutwa na magurudumu ya mbele. Waliokuwa wanashindana naye walikuwa na Porsche na Alpine. Ni kama mtu akupige mbio za Thika Road ukiwa na Subaru, yeye ako na Vitz, sababu kumenyesha na yeye anajua kuendesha.

Mei mwaka huo huo akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Ferrari walimchukua akaendeshe Targa Florio, mbio za milimani kule Sicily, pamoja na Arturo Merzario. Mzunguko mmoja ni kilomita 72, barabara za vijijini, kuta za mawe pande zote. Gari lilikuwa Ferrari 312 PB, gari la mashindano lisilo na paa, silinda 12. Wakashinda. Sasa elewa: kuendesha rali na kuendesha gari la saketi ni kazi mbili tofauti. Ni kama mtu wa bodaboda wa Wote apewe basi la usiku la kwenda Mombasa, afike wa kwanza, kesho arudi kwa pikipiki yake kama hakuna kitu kimetendeka. Kuna madereva wachache sana duniani waliofanya zote mbili kwa kiwango hicho ndani ya mwaka mmoja.

Halafu 1974 Lancia wakaleta Stratos. Kama hujawahi kuiona, itafute sasa hivi halafu urudi. Gari la kwanza kujengwa kutoka chini kwa ajili ya rali tu, sio gari la dukani lililopakwa rangi na kuongezwa taa. Umbo kama kabari ya kupasua kuni. Liko chini, linafika kiunoni. Injini ya V6 kutoka Ferrari, imekaa nyuma ya kiti cha dereva. Ni fupi sana kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hivyo inageuka kwa ghafla, na usipojua kuishika inakugeuza wewe. Lancia walibeba ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976. Munari alishinda Monte Carlo 1975, akarudia 1976, akarudia 1977, na mwaka huo wa 1977 akawa mtu wa kwanza kubeba Kombe la FIA la madereva, ambalo ndilo lililotangulia ubingwa wa dunia wa madereva tunaoujua leo.

Kwa hivyo tumeelewana huyu ni nani. Sasa twende Safari.

Safari ilianza 1953 kusherehekea Malkia Elizabeth kutawazwa. Mkoloni alikuwa bado yuko, Mau Mau inaendelea, na wao wanafanya mbio za magari Kenya, Uganda na Tanganyika. Tuseme ukweli, hiyo ilikuwa sherehe ya watu wengine kwenye ardhi yetu. Lakini barabara haikujali ni sherehe ya nani. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza, yakamaliza saba. Mwaka 1968 tena, yakamaliza saba. Miaka yote miwili mshindi akiwa Nick Nowicki wa hapa Kenya, na Peugeot 404.

Utaratibu wake haukuwa kama wa Naivasha. Siku hizi barabara inafungwa, dereva anakimbia vipande vifupi, anapimwa kwa sekunde. Safari ya zamani ilikuwa barabara ya kila mtu. Unapewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na muda wenyewe mara nyingi hauwezekani. Ukichelewa dakika, unaandikiwa pointi. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Katikati hapo kuna malori, mabasi, ng'ombe, watoto wanaenda kuchota maji, twiga. Siku kadhaa hivyo, mchana na usiku, kilomita kama elfu tano. Sekunde hazikuwa na maana yoyote. Mtu angeweza kupoteza saa nzima kwenye tope na bado ashinde, kama wengine wamepoteza mbili.

Na walifanya Pasaka, wakati wa mvua, makusudi.

Kama wewe umelelewa Ukambani, hapa sihitaji kukueleza sana. Kwa wengine: kuna udongo wetu mweusi ambao ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa unashika tairi kama ugali umeshika mwiko. Kuna ule mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Halafu kuna mito ya mchanga. Ukifika Kitui unaona mto mpana, mkavu kabisa, mbuzi wanapita katikati, watu wamechimba visima mchangani. Jua linawaka. Lakini imenyesha huko juu, mahali huoni. Mto uliovuka saa nane kwa miguu, saa tisa unabeba lori. Hakuna kitabu cha navigeta kinachoweza kukuandikia hiyo. Unaijua kwa sababu ulishaona, au kwa sababu mtu aliyesimama kando amekuinulia mkono.

Munari alikuja 1974 na ile Fulvia, akawa wa 3. Mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na Mitsubishi Lancer ndogo ambayo Ulaya hakuna mtu alikuwa anaiogopa. Mwaka 1975 akaja na Stratos, na kando yake akaketi Lofty Drews, navigeta wa hapa Kenya, yule yule aliyekuwa na Shekhar Mehta alipobeba Safari ya 1973. Akawa wa 2. Mwaka 1976 hakumaliza, na Joginder akashinda tena akiwa na miaka 44, Mitsubishi zikichukua nafasi zote tatu za juu. Mwaka 1977, mwaka ule ule aliobeba Kombe la FIA, Munari akawa wa 3.

Angalia hiyo 1975 vizuri, sababu ndiyo ninaipenda zaidi. Nani alimshinda? Ove Andersson, Mswidi, na Peugeot 504. Yes, Pijo! Ile ile iliyokuwa inabeba watu wa safari ndefu, mizigo juu, kuku chini ya kiti. Umau wangu, baba ya mama, alisafiri kwa Pijo kutoka Kibwezi mpaka Nairobi mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na nilipomwonyesha picha ya Stratos kwenye simu aliuliza tu, "Na hii inapita wapi ikikuta jiwe?" Hilo swali, nafikiri, mainjinia wa Turin walikuwa bado wanalijibu 1977.

Kuna watu husimulia hii historia kama Mwafrika dhidi ya mzungu, eti wazungu walikuja wakashindwa. Sio hivyo. Ni kweli kwamba toka 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari, walishinda watu wanaoishi hapa Afrika Mashariki tu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipovunja hiyo rekodi 1972 na Ford Escort. Lakini baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Andersson alishinda 1975. Björn Waldegård, Mswidi mwingine, aliyekuwa wa 3 mwaka huo kwenye Stratos nyingine ya Lancia, alirudi 1977 na Escort akashinda. Kwa hivyo shida haikuwa ngozi wala pasipoti. Ninavyoona mimi, shida ya Lancia ilikuwa kwamba walileta jibu la swali la Monte Carlo. Gari jepesi, fupi, kali, la kona na barafu. Kwetu swali lilikuwa lingine: unaweza kukaa siku nne bila kuvunjika?

Joginder alielewa hilo swali kuliko wote. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu. Safari yake ya kwanza kushinda, 1965, aliendesha Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, yeye na ndugu yake Jaswant. Gari la mtumba! Alisikiliza gari vile mama anavyosikiliza mtoto anayekohoa usiku. Si ajabu mtaani mtu akiendesha kwa fujo wazee bado wanamwambia, "Wewe unajiona Joginder?" Ingawa cha kuchekesha ni kwamba Joginder mwenyewe hakuwa wa fujo. Alikuwa wa kumaliza. Ukipita Makindu, simama kwenye lile hekalu la Masingasinga, liko hapo tangu 1926, lilijengwa na watu wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote anapewa chakula bure, awe wa dini gani. Watu wa Joginder walikuwa kwenye hiyo barabara kabla haijawa barabara ya maana. Hawakuisoma kwenye ramani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo ukiniambia habari ya mtu anayejua kazi bila cheti nitakusikiliza hadi usiku. Lakini hapa ndipo lazima niwe mkweli na nisijifurahishe bure. Nikisema "sisi" tulimshinda Munari, sisi gani? Joginder alikuwa Msingasinga mwenye ujuzi wa gereji. Nowicki na wengine walikuwa wazungu waliokuwa wanaishi hapa. Mehta alizaliwa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Idi Amin 1972, akashinda Safari mara tano, mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wote wanastahili heshima yao, na ni Waafrika Mashariki kama mimi. Ila Mkamba wa Kikumbulyu, aliyejua kila korongo la hapo, alikuwa wapi?

Alikuwa anasukuma.

Angalia picha za zamani za Safari. Angalia filamu. Gari limezama mpaka kwenye mlango, na kuna wanaume ishirini matopeni, miguu mitupu, shati limeshikana na mgongo, wanasukuma. Gari linatoka, linawarushia tope usoni, linaenda. Picha ina jina la dereva, jina la navigeta, aina ya gari, namba ya mlango. Wale ishirini hawana jina hata moja. Umau anasema walikuwa wanasikia kwanza mlio, halafu wanaona taa mbali sana, na kama imenyesha vijana walikuwa wanaenda kukaa pale wanapojua gari litakwama. Walijua ni wapi! Wengine walipewa shilingi, wengine sigara, wengine walipigiwa honi tu. Yeye mwenyewe anasema alienda kwa sababu ilikuwa raha kuliko kulala.

Fikiria hiyo elimu. Kujua kwamba usiku wa leo, kwa mvua hii, gari litazama hapa na sio pale mita hamsini mbele. Lancia walisafirisha watu, spea na magari kutoka Italia kutafuta hiyo habari moja. Iliketi kando ya barabara, imejifunika gunia.

Na hakuna dereva mweusi aliyewahi kushinda Safari ikiwa ya ubingwa wa dunia. Patrick Njiru alifika nafasi ya 4 mwaka 1994 na Subaru, na kwa wengi wetu huyo ni shujaa mkubwa kuliko wengi waliobeba kombe. Sio kwamba watu wetu hawakujua kuendesha. Panda probox ya Kitui saa kumi na moja asubuhi halafu uniambie hatujui kuendesha. Ni kwamba rali ni pesa, na aliyekuwa anasukuma hakuwa na ya kununua hata ile Volvo ya mtumba.

Waitaliano walikuja kushinda mwishowe. Mwaka 1988, Miki Biasion, kijana wa Bassano del Grappa, alishinda Safari na Lancia Delta Integrale, gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Akarudia 1989. Miaka yote miwili alikuwa bingwa wa dunia, na miaka yote miwili wa 2 alikuwa Mike Kirkland wa Kenya na Nissan. Ukisoma haraka utasema basi Biasion alikuwa mkali kuliko Munari. Mimi sikubali. Kufikia wakati wa Biasion timu kubwa zilikuwa na helikopta inaruka mbele ya gari, mtu juu na redio anamwambia dereva kuna lori, kuna ng'ombe, mto umejaa. Unaona walichofanya? Yule mtu wa kando ya barabara aliyekuwa anainua mkono, wamemtoa, wameweka helikopta. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba helikopta inalipwa.

Simlaumu Biasion, aliendesha vizuri na alijua kupunguza mwendo mahali Munari wa 1975 pengine angekanyaga. Lancia nao walijifunza, ziliwachukua miaka kumi na minne kutoka ile Fulvia ya 1974. Mimi nasema tu tusiite ushindi wa dereva mmoja kitu kilichobebwa na timu nzima angani na chini.

Baada ya 2002 Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ilipoanza kurudi 2021 ikawa fupi, ya barabara zilizofungwa. Kuna wazee wa rali wanalia irudishwe barabara ya Mombasa. Mimi hapana. Sitaki gari la kilomita 200 kwa saa lipite sokoni Emali siku ya soko, na wale wanaoitamani ile ya zamani mara nyingi hawakuishi kando yake. Watoto na mifugo walikuwa hapo. Siku hizi hata lile vumbi la Kibwezi kwenda Mutomo mpaka Kitui limewekwa lami, kijana wa Ikutha anafika Mombasa Road bila kubadilisha rangi ya nguo.

Ninachotaka ni majina. Munari ana yake, yuko kwenye vitabu vya Italia, ameandikwa Joka, na amestahili. Navigeta wake aliyekufa 1968 ana jina, nimeliandika hapo juu, Luciano Lombardini. Wale ishirini wa tope baadhi yao wako hai, wako Makindu, wako Mbuinzau, wako Masongaleni, wana miaka sabini na themanini, na hakuna aliyewauliza. Mimi nimeanza na umau wangu. Nimemrekodi dakika arobaini kwa simu, nusu Kikamba nusu Kiswahili, na kuna mahali anabishana na ndugu yake kama gari walilolitoa usiku fulani lilikuwa Datsun au Peugeot. Ndugu yake anasema Datsun. Umau anasema haiwezi kuwa Datsun, kwa sababu aliishika kwa nyuma na mikono yake, na anajua Pijo ilivyo kwa nyuma.